Nilivyozipanga sala za mama kutoka Unguja hadi Maskati

Unguja hadi Maskati kwa ndege ya moja kwa moja ni karibu kilomita 3,900, mwendo wa saa tano na dakika zake. Mama hakushughulishwa na kilomita. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Sala zangu zitakuwaje huko juu, mwanangu?" Nikaona hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya mabegi.

Tiketi iliandikwa kuondoka 14:30, kufika 20:50. Ukitoa hivi hivi unapata saa sita na dakika ishirini. Lakini kila saa ya tiketi ni ya pahala pake, na Maskati wametutangulia saa moja, kwa hiyo hewani ni saa tano na dakika ishirini. Kwenye tiketi ya kurudi mambo hugeuka: inaonekana safari fupi, na saa ile unairudisha.

Kilichonishughulisha zaidi ni jua. Mwezi wa Januari, sala ya magharibi Unguja huingia kama saa 12:45 jioni, kwa saa za Kiswahili. Ya Maskati huingia kama saa 11:40 kwa saa yao, yaani saa 10:40 kwa saa yetu! Wao wako mashariki yetu, tena kaskazini ya ikweta, na Januari mchana wao ni mfupi. Maana yake magharibi ingetukuta hewani, mapema kuliko mama alivyozoea maisha yake yote.

Nilimwendea sheikh wa msikiti wetu. Akaniambia rukhsa ya msafiri ipo, kukusuru (kufupisha sala ya rakaa nne iwe mbili) na kujumuisha (kusali sala mbili kwa wakati mmoja), ila huanza ukishatoka katika mji wako. Sisi ni watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, mbali na mjini, basi tulipofika kiwanja cha ndege Kisauni mama alikuwa msafiri tayari. Akasali adhuhuri na alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kwa utulivu, kabla hatujaitwa. Magharibi na isha tungezisali tukishateremka, lakini nia ya kuichelewesha magharibi lazima iwekwe wakati wake ungalipo. Kwa hiyo ilibidi tujue jua limetua lini.

Ndiyo maana nilimchagulia kiti cha dirishani, ubavu wa kushoto. Ndege ikielekea kaskazini mashariki, machweo huwa upande huo, nyuma kidogo ya bawa. Saa ya mkononi sikumbadilishia. Ilipokuwa kama saa kumi na mbili kasorobo, akanishika mkono. "Jua ndilo hilo linakwenda?" Utepe mwekundu ulikuwa umenyooka juu ya mawingu, na chini kumeshakuwa kiza. Nikamwambia ndilo. Akanyamaza kidogo, midomo ikicheza, akatia nia yake. (Mababu zetu safari hii waliifanya kwa jahazi, wakingoja kusi iwapeleke, wiki kwa wiki baharini, na sala hawakuziacha.)

Nyumbani kwa dada huko Maskati, mama alitandika mswala na kuuelekeza kaskazini, kama Makunduchi, kwani kwetu Makka iko kaskazini kabisa. Dada akamgeuzia magharibi: "Huku, mama." Akasali magharibi rakaa tatu na isha mbili, ndipo akakubali chai.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Ndege ya saa tatu asubuhi hutua Kisauni baada ya adhuhuri kuingia, na Makunduchi bado iko mbele, basi mama angali msafiri.