Sahihi katika daftari la mafunzo

Kila mwanafunzi anayepangiwa zamu katika gari letu la wagonjwa huanza na mtungi wa oksijeni. Kabla hajaonyeshwa machela wala begi la dawa, nampa ufunguo wa mtungi, namwambia asome geji, kisha namuuliza oksijeni hiyo itadumu dakika ngapi iwapo mgonjwa atahitaji lita 15 kwa dakika. Mtungi wetu wa kubebea huchukua lita 680 ukijaa, kwa hiyo jibu ni dakika 45 hivi, na ule mkubwa uliofungwa garini huchukua lita 1,360, yaani mara mbili yake. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini wengi hunitazama kana kwamba nimewatega, kwa sababu darasani walifundishwa kiasi cha kumpa mgonjwa na hakuna aliyewauliza kitaisha lini.

Mimi mwenyewe sikuulizwa. Mafunzo yangu kwa vitendo, au atachimenti kama wengi tunavyoyaita, niliyafanya kwa wiki sita katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ambayo sitaitaja. Nililipa ada ya kupokelewa, nikajinunulia sare, buti na glavu, na nauli ya matatu ya kila siku ikamwangukia mama. Kazi niliyopewa ilikuwa kusukuma machela, kupeleka chupa za damu maabara na kutafuta mafaili yaliyopotea. Sizidharau kazi hizo, kwani mgonjwa hafiki kwenye eksirei bila mtu wa kumsukuma, lakini daftari langu la mafunzo lilikuwa na orodha nyingine kabisa: kupima presha, mapigo ya moyo na upumuaji, kufungua njia ya hewa, kufunga mfupa uliovunjika, kuzalisha. Siku ya mwisho afisa mmoja aliliweka daftari mezani na kutia sahihi ukurasa baada ya ukurasa huku akizungumza na simu, bila kuniuliza lolote. Sina budi kukiri kwamba nilitoka pale nimefurahi.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi wa kwanza wa ajira. Tuliitwa kwa binti mwenye pumu, nami nikajaza fomu kwamba anapumua mara 20 kwa dakika, kwa kuwa 20 ndiyo tarakimu niliyoiona ikiandikwa kwa kila mgonjwa aliyepita pale hospitalini, awe anahema au amelala usingizi. Kiongozi wa zamu aliitazama fomu, akamtazama binti, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hebu tuhesabu tena pamoja." Tulipata 36. Binti alipona, na kiongozi hakulitaja tena jambo hilo mbele ya mtu, lakini mimi sijalisahau, kwa sababu nilikuwa na sahihi ya kuthibitisha kwamba kuhesabu najua.

Kuhesabu upumuaji kuna ujanja wake ambao sikuupata kitabuni. Mgonjwa akijua unamhesabu, hubadilisha pumzi bila kukusudia, kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo, huku macho yako yako kifuani pake, na unakaa hivyo dakika nzima hata kama ndugu zake wanakuuliza mbona huendi. Vivyo hivyo kuhusu kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Darasani wanafunzi huambiwa mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5 hadi 6, nao huifanya vizuri mno kwa sanamu ya plastiki iliyolazwa sakafuni. Sisi mgonjwa tunamkuta juu ya godoro la sponji, katika chumba ambacho watu watatu hawatoshi, na asiyewahi kuambiwa amshushe chini atakandamiza kwa bidii mpaka jasho limtoke, kumbe kinachobonyea ni godoro.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Nikiisoma, humfikiria mtu atakayetumwa kuyatoa matibabu hayo, na kama alipokuwa mwanafunzi kuna aliyemsimamia akamtazama mikono. Vyuo huhesabu saa za mafunzo, na saa ni rahisi kuhesabu. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi akae na msimamizi mmoja kwa zamu kadhaa mfululizo badala ya kuzungushwa kila siku kwa mtu mpya asiyejua jana aliharibu nini, na kwamba sahihi itiwe siku ileile, na yule aliyeona kwa macho yake. Najua wenzangu watasema kazi ni nyingi na hatulipwi kufundisha. Ni kweli hatulipwi.

Mwezi uliopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana mkimya, na usiku tuliitwa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa mzee aliyekuwa akihema kwa shida, oksijeni ya damu ikisoma asilimia 84. Tulimwekea barakoa yenye mfuko kwa lita 15 kwa dakika, tukampakia, na dereva akaelekea feri. Gari la wagonjwa hupishwa foleni, lakini hata ukipishwa huwezi kuivuta feri iliyo upande wa pili. Mwanafunzi wangu alikuwa amemshika mzee mkono huku akimwambia, "Pumua polepole, babu, niko hapa," kisha nikamwona akiinua macho kwenye geji. Simu mbili za mapema usiku ule zilikuwa zimekula mtungi mkubwa, na sindano ilikuwa kwenye robo.

"Mwalimu, hizo ni dakika 22," alisema. "Ule mdogo umejaa. Tubadilishe sasa hivi tukiwa tumesimama, au tungoje uishe tukiwa katikati ya maji?"

Tulibadilisha tukiwa tumesimama. Kisiwani alimkabidhi mzee kwa muuguzi bila kusoma karatasi: umri, alivyoanza kuugua, tulivyomkuta, tulichompa na alivyo sasa, kwa muda usiofika dakika moja. Alfajiri, tulipokuwa tukipangusa machela, alinipa daftari lake. Nilitia sahihi kwenye oksijeni, kwenye upumuaji na kwenye kukabidhi mgonjwa, na pembeni nikaandika tarehe na nilichokiona. Mstari wa kuzalisha niliuacha mtupu. Aliutazama, akaniuliza kama chuo kitalipokea daftari lenye pengo, nami nikamkumbusha kwamba bado ana zamu nane.