Mliouliza "huko Louisville ni kama wapi?", jibu ni hili

Tangu nirudi Nakuru swali ni moja, liulizwe na shangazi au na kijana wa bodaboda: huko Louisville ni kama wapi? Nikisema Kentucky, mazungumzo yanaishia kwenye kuku wa KFC. (Na hao kuku wenyewe walianzia Corbin, mji mdogo ulio mbali kusini mashariki.) Basi naandika mara moja kwa ajili ya wote: wenye jamaa huko, wenye karatasi za kufuatilia huko, na wanaojiandaa kwenda.

Kwanza wekeni kando kaunti yetu. Kwetu ziko 47, zimetokana na Katiba ya 2010, zikaanza kazi 2013, na kila moja ina gavana, bunge lake na mgao kutoka Hazina ya Taifa. Kule gavana ni wa jimbo zima na ofisi yake iko Frankfort, mji mkuu wa jimbo. Kaunti iko chini ya jimbo, na Kentucky peke yake ina kaunti 120. Nyingine hazifikii hata kata zetu kwa watu: Robertson ilihesabiwa watu 2,200 hivi mwaka 2020. Jefferson, ambayo ndiyo Louisville, inaongoza zote: watu 782,969 katika sensa hiyo hiyo, zaidi ya mmoja kati ya kila wakazi sita wa Kentucky. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,030 hivi ukihesabu na maji. Nairobi ina 696, na watu 4,397,073 kwa sensa yetu ya 2019. Piga hesabu, utaelewa kwa nini mtu anayejiita wa mjini kule ana nyasi za kukata nyuma ya nyumba na hafiki dukani bila gari.

Sasa, kwa nini mji uko pale na si kilomita hamsini juu au chini? Jibu ni mto. Ohio unatoka Pittsburgh, unaingia Mississippi baada ya kilomita 1,579, na katika safari hiyo yote palikuwa na kizuizi kimoja kikubwa cha maumbile: mwamba wa chokaa uliokatiza mto, maji yakishuka mita nane hivi ndani ya kilomita tatu au nne. Msifikirie Thomson's Falls pale Nyahururu. Ni maji yanayokimbia juu ya mawe, lakini yalitosha kupasua mashua. Kwa hiyo kila chombo kilisimama. Mizigo ilishushwa, ikabebwa kwa mikokoteni hadi chini ya maporomoko, ikapakiwa upya. Anaposimama msafiri patakuwa na mpakuzi, ghala, nyumba ya wageni, wakili na mwuza pombe, na hapo mji umeshazaliwa. George Rogers Clark alifika na walowezi wa kwanza mwaka 1778, wakakaa kisiwani katikati ya mto. Mwaka 1780 mji ukapewa hati na jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, aliyekuwa akiwasaidia Wamarekani katika vita vyao na Uingereza.

Mwaka huo huo Virginia, iliyokuwa ikimiliki nchi ile yote, iliigawa Kaunti ya Kentucky kuwa kaunti tatu: Fayette, Lincoln na Jefferson. Hii ya tatu ilipewa jina la Thomas Jefferson, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa Virginia. Ilikuwa kubwa mno, kisha ikawa inakatwa vipande kuunda kaunti nyingine hadi ikabaki hii ya leo. Kentucky yenyewe ikawa jimbo tarehe 1 Juni 1792.

Tarehe hiyo bado ina kazi. Mpaka wa Kentucky hauko katikati ya mto. Uko upande wa pili, pale maji yalipofika yalipopungua mwaka 1792, na Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hivyo mwaka 1980. Kwa maneno mengine karibu mto wote ni wa Kentucky, na Indiana wana ukingo tu. Hapo zamani ukingo huo ulikuwa uhai au kifo: Kentucky iliruhusu utumwa, Indiana haikuruhusu. Louisville lilikuwa soko la kuuzia watu, wakipakiwa kwenye meli za mvuke kupelekwa mashamba ya pamba ya kusini, huku ng'ambo ya uhuru ikionekana kwa macho. Na kwa kuwa Kentucky haikujitenga na serikali ya Rais Lincoln wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangazo la Lincoln la 1863 la kuwaachia watumwa halikuigusa. Marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima mwaka 1865, bunge la Kentucky liliyaidhinisha mwaka 1976. Sijakosea kuandika.

Mfereji wa kuyazunguka maporomoko ulifunguliwa 1830. Ungedhani mji ungekufa, kwa kuwa vyombo sasa vilipita moja kwa moja, lakini ghala na fedha zilikuwa zimeshaota mizizi. Reli ikafuata, na Wajerumani na Waayalandi kwa maelfu. Tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi, magenge ya waliojiona wenye nchi yaliwavamia wahamiaji hao Wakatoliki. Watu wasiopungua 22 waliuawa. Leo ukiwatazama wajukuu wa waliovamiwa huwezi kuwatofautisha na wengine.

Jambo ambalo mgeni anachelewa kulielewa ni kwamba kaunti ile ina juu na chini. Magharibi ni tambarare la mafuriko, bapa kabisa, mto ukiizunguka pande tatu. Mashariki ardhi inapanda. Kusini kabisa kuna vilima vyenye msitu. Januari 1937 mto ulipanda futi 29 hivi juu ya kiwango cha mafuriko. Asilimia 70 hivi ya mji ilizama na watu 175,000 walihama. Ukuta na tuta la kuzuia maji vilijengwa baadaye, lakini wenye uwezo walikuwa wameshajua pa kununua: mashariki, kwenye mwinuko.

Si maji peke yake yaliyopanga nani akae wapi. Mwaka 1914 mji ulipitisha sheria iliyomkataza Mweusi kuhamia kwenye mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu vivyo hivyo. Kesi yake, Buchanan dhidi ya Warley, ilifika Mahakama Kuu na sheria ikafutwa mwaka 1917. Benki na mawakala wa nyumba wakaendelea na kazi ile ile bila sheria. Matokeo yake mpaka uko Barabara ya 9 hadi sasa: magharibi yake Weusi ndio wengi, nyumba ni za bei ya chini, na viwanda vya kemikali vya Rubbertown, vilivyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kutengeneza mpira, viko jirani. Muhammad Ali alikulia upande huo. Wazee wa Dar es Salaam na Nairobi watakumbuka alivyotumwa na Rais Carter mwaka 1980 kuzishawishi nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Nyerere hakukubali hata kuonana naye, ila Kenya haikwenda Moscow. Uwanja wa ndege wa Louisville una jina la Ali tangu 2019.

Mwaka 1975 shule za mji na za kaunti ziliunganishwa, na mahakama ikaamuru watoto wasafirishwe kwa basi ili wachanganyike. Kulikuwa na ghasia. Ule utaratibu umebadilishwa mara nyingi, lakini mzazi mgeni bado anashangaa kuambiwa shule iliyo hatua chache kutoka nyumbani si lazima iwe ya mwanawe.

Kisha ukaja muungano wa serikali. Wapiga kura waliukataa 1982, wakaukataa tena 1983, wakaukubali Novemba 2000. Januari 2003 mji na kaunti vikawa kitu kimoja chini ya meya mmoja na baraza la watu 26. Hapa ndipo takwimu zinapowachanganya watu. Kabla ya hapo mji ulikuwa na watu 256,231 kwa sensa ya 2000. Siku ya muungano ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani bila mtoto mmoja wa ziada kuzaliwa. Tena vile vimiji vidogo zaidi ya themanini ndani ya kaunti vilibaki na mameya wao, na idara ya sensa huvitoa baadhi yake kwenye hesabu ya mji. Ndiyo maana mtandaoni utakuta Louisville ya 2020 ina watu 633,045, na hapo hapo 782,969. Zote ni sahihi. Ya pili ndiyo kaunti nzima, na ukilinganisha miaka tumia hiyo tu, la sivyo utadhani mji uliongezeka maradufu kwa muujiza.

Kichekesho ni kwamba katiba ya jimbo ya 1891 haikuruhusu vyeo vya kaunti vifutwe. Kwa hiyo Jefferson bado inamchagua "jaji mtendaji", ambaye hahukumu kesi, na tangu 2003 hatendi pia. Kwetu MCA asingekubali cheo cha namna hiyo, au labda angekubali upesi.

Waswahili, kwa maana ya watu wanaoongea lugha hii, wako wapi? Kusini, karibu na Iroquois Park na Southside Drive. Walitangulia Wabantu wa Kisomali, wakaja Warundi wa mwaka 1972 waliozeekea kambi za Tanzania, kisha Wakongo wengi mno kutoka Nyarugusu, Kakuma na kambi za Uganda. Sababu ya kukaa kusini ni mbili, nazo zinategemeana. Kwanza kodi ya nyumba, maana magorofa ya zamani ni ya bei ya kati na mashirika ya kuwapokea wakimbizi yanawajua wenye nyumba wa pale. Pili, uwanja wa ndege uko hapo hapo. Kituo cha kupanga vifurushi cha UPS, Worldport, kina uwezo wa kupitisha vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa, na kazi yenyewe ni ya usiku wa manane, kwa sababu ndege zinaingia usiku na lazima ziondoke kabla ya kucha. Kiwanda kimoja cha magari cha Ford kiko jirani, kingine kiko mbali upande wa mashariki. Vijana wengi huanzia UPS kwa kuwa tangu 1998 kuna mpango wa kuwalipia karo ya chuo wanaofanya zamu ya usiku. Ni mpango mzuri, ila kinachowaangusha wengi ni usingizi: darasa la asubuhi baada ya zamu halishikiki. Anayechukua masomo machache, ya mchana, ndiye anayemaliza.

Usafiri nao usimdanganye mtu. Mabasi ya TARC yapo, lakini usiku ni haba, na hakuna matatu ya kusimamisha njiani. Bila gari, chagua nyumba kwa kutazama njia ya basi kwanza na kodi baadaye. Wengine huhamia Indiana kufuata nafuu. Madaraja mawili ya kati ya barabara kuu na lile la mashariki yanatozwa ada tangu mwisho wa 2016, kamera inapiga picha namba ya gari na bili inafuata kwa posta. Daraja la Sherman Minton na lile la kale la Barabara ya 2 hayatozwi. Kwenye mshahara, anayeishi na kufanya kazi Louisville hukatwa asilimia 2.2 ya ushuru wa kaunti, mbali na wa jimbo na wa taifa. Anayeishi nje akaja kufanya kazi tu hukatwa 1.45, kwa kuwa halipii shule.

Kupiga simu: sisi tuko mbele yao saa saba kiangazi chao, saa nane kipupwe chao. Saa nne asubuhi hapa, mwezi Julai, kule ni saa tisa usiku, na ndugu yako yuko katikati ya vifurushi. Mpigie saa mbili usiku yetu. Kule ni saa saba mchana, ameamka.

La karatasi ndilo linalosumbua waliorudi. Kule hakuna Huduma Centre. Kuna makarani wawili waliochaguliwa kila mmoja kwa kura yake, na watu hupanga foleni kwa yule asiyehusika. Karani wa kaunti anashika leseni za ndoa, hati za ardhi na nyumba, usajili wa magari na daftari la wapiga kura. Karani wa mahakama ya mzunguko anashika majalada ya kesi, ikiwemo talaka. Ukitaka nakala ya hukumu ya talaka ni kwake. Leseni ya kuendesha gari ilikuwa kwake pia, lakini tangu 2022 iko kwenye ofisi za kanda za idara ya uchukuzi ya jimbo. Ushuru wa nyumba unakadiriwa na mthamini wa kaunti na kukusanywa na sherifu, kwa hiyo ukipata barua ya sherifu kuhusu nyumba uliyoiacha usiogope, ila usiitupe. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa Louisville hakitoki Louisville hata kidogo. Kinatoka ofisi ya takwimu za uhai ya jimbo, Frankfort. Ombeni nakala rasmi mbili au tatu mkiwa bado kule, pamoja na uthibitisho wa ofisi ya katibu wa jimbo kwa zitakazotumika nje ya nchi, kwa sababu kuagiza kutoka hapa kunasumbua zaidi.