Dari la Chumba cha Mama

Mwishoni mwa Aprili 2019 Mtwara nzima tulikuwa tunakisubiri kimbunga Kenneth. Shule zilifungwa, redio haikuzimwa. Tarehe 25 kikaingilia Msumbiji, na wenzetu wa Cabo Delgado ndio walioumia. Kwetu Chuno ilikuja mvua.

Mvua hiyo ilipenya kwenye bati la mama ikaacha doa la kahawia kwenye dari la jipsamu, juu ya kitanda chake. Jipsamu ikishalowa haina dawa. Ukiibonyeza kwa kidole inatitia kama mkate uliochovywa kwenye chai. Fundi aliyeitwa kuangalia alitaka kubomoa dari zima, na kwa bei aliyotaja mama akasema basi, yeye atahamia sebuleni. Ilinichoma. Dari lile alilipiga kwa fedha zake za korosho, baada ya miaka mingi ya kulala akitazama kenchi.

Nikampigia mjomba aliyeko Kilwa. Ujanani alipakia malori ya jasi huko, mawe yanayotengenezewa jipsamu, baadaye akashika useremala. Alipofika hata chai hakunywa.

"Dari liache, mjomba," akaniambia. "Panda juu kwanza."

Tukaliona tatizo mara moja. Msumari mmoja wa bati ulikuwa umeliwa na kutu, mpira wake umekatika, na tundu limepanuka kuliko msumari wenyewe. Upepo wa chumvi huku pwani hauna huruma na misumari. Tukaweka mnene zaidi wenye mpira mpya, tukakagua na ya jirani yake, kisha tukasubiri jua likaushe mbao. Ukifunika mbao mbichi, umefuga ukungu.

Siku ya kukata nilizima umeme kwenye meinswichi. Mjomba alinitaka nitoboe kidogo katikati ya doa, niingize tochi na kuchungulia. Nashukuru alisisitiza, maana waya wa feni ulipita shubiri moja tu kutoka pale ambapo msumeno ungepita. Sitaki hata kuwaza.

Halafu akanionyesha jambo ambalo mpaka leo naona ndilo kiini cha kazi yote. Hukati kwa kufuata doa, unakata kwa kufuata mbao. Tulizitafuta mbao za mbili kwa mbili kwa kugonga dari na kusikiliza mahali sauti inapokuwa nzito, tukapiga mistari katikati ya kila ubao. Hivyo nusu ya ubao inabaki imeshika bodi ya zamani, na nusu inapokea kiraka. Pande mbili ambazo hazikuangukia kwenye mbao tuliziongezea vipande vya mbao kwa ndani, tukavikaza kwa skrubu. Kiraka kisicho na pa kushikia kitapasua maungio tu, hata ukikipaka plasta ya namna gani.

Bodi ya zamani ilikuwa ya milimita 9, nikanunua ya 9. Kuikata ni rahisi: unachana karatasi ya upande mmoja kwa kisu na rula, unaivunja kwa nyuma, unamalizia karatasi iliyobaki. Vichwa vya skrubu vizame kidogo bila kuchana karatasi.

Maungio nikayabandika tepu ya wavu, nikapaka plasta nyembamba nyembamba, kila mkono ukikauka ndipo unafuata mwingine. Msasa ulitutia weupe mpaka kope. Mjomba akalaza tochi karibu na dari ili mwanga uambae, na kila kinundu kikajitokeza, tukasugua tena.

Nilidhani tungepaka rangi kwenye kiraka peke yake. Mama, aliyekuwa mlangoni muda wote huo, akakataa.

"Mwanangu, rangi mpya na ya zamani zitaonekana tu. Paka lote."

Alikuwa sahihi. Nikapaka lote, na usiku wa tatu, harufu ilipoisha, akarudi chumbani kwake.