Akaunti Iliyozuiwa: Nilivyogharamia Mwaka Wangu wa Kwanza Ujerumani

Mwaka 2023, nikiwa nyumbani Kisauni, nilipata barua ya kukubaliwa kusomea shahada ya uzamili mjini Leipzig. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, na habari hiyo huwavutia vijana wengi wa Mombasa. Lakini anayeomba viza ya masomo hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka mzima. Kiwango cha wakati huo kilikuwa euro 11,208, na njia tuliyoichagua ni kuziweka katika akaunti iliyozuiwa. Kwa shilingi zetu, hizo zilizidi milioni moja na nusu.

Mkopo wa riba hatukuutaka. Mama aliwaita jamaa baada ya swala ya Isha, na ami yangu mkubwa akauliza lile ambalo kila mzee mwenye busara angeuliza: “Mwanangu, pesa hizi zikishafungwa huko, wa kuzifungua ni nani?”

“Ni mimi mwenyewe, Ami, kidogo kidogo kila mwezi,” nilimjibu.

Nikaeleza kwamba fedha zile si ada ya mtu: nikishafika na kufungua akaunti ya kawaida, ningepokea euro 934 kila mwezi kwa miezi 12, na lau viza ingekataliwa, zingerudishwa. Tangu hapo mazungumzo yakageuka. Ami na mjomba walikubali kunipa karadha isiyo na riba, na halati akaniachia zamu yake ya chama. Kila kiasi kiliandikwa daftarini mbele ya mashahidi, kama Kurani inavyoagiza kuhusu madeni. Naamini daftari lile ndilo lililolinda mapenzi baina yetu.

Kilichotutaabisha zaidi ni kushuka kwa shilingi. Januari mwaka huo dola moja ilikuwa takriban shilingi 123, na kufikia Desemba ilikuwa imepita 150. Euro nayo ilipanda, kwa hiyo lengo lilisogea mbele kila tulipolikaribia. Tuliamua kubadilisha kila mchango kuwa euro mara ulipopatikana, badala ya kungoja jumla itimie, na uamuzi huo ulituokolea fedha nyingi.

Nilipofika Leipzig, kodi ya chumba, bima ya afya na chakula vilimeza sehemu kubwa ya zile 934. Hata hivyo, sikutafuta kazi ya kulipwa katika muhula wa kwanza, kwa sababu masomo ndiyo yaliyonipeleka. Machi 2024 sheria iliongeza siku ambazo mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi, kutoka siku kamili 120 kwa mwaka hadi 140, nami nikazitumia hasa katika miezi isiyo na mihadhara. Halati nilimlipa kwanza, maana zamu ile ya chama ilikuwa mtaji wa biashara yake ya vitambaa. Kisha mjomba, na Ami mwisho, kwa ridhaa yake.

Sasa Ami anamwandalia binti yake safari kama yangu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi, na fedha za kwanza alizoweka tumekwisha kuzibadilisha.