Nyama za paja: zoezi tunalolijua na tunaloliacha njiani

Kila msimu wa ligi sentensi ni ileile: "Atakuwa nje wiki tatu, ameumia nyama za paja." Inasomwa redioni kama taarifa ya mvua, jambo lililoshuka lenyewe kutoka juu. Ukiangalia hesabu ni tofauti. Uchunguzi wa majeraha wa UEFA, ulioanza 2001 chini ya Profesa Jan Ekstrand wa Sweden, unaonyesha kwamba katika klabu kubwa za Ulaya misuli ya nyuma ya paja ilichukua asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02. Msimu wa 2021/22 ilifika asilimia 24. Hizo ni klabu zenye madaktari wa kila aina na mashine za kila aina, na bado sehemu hiyo imeongezeka maradufu.

Tuanze na msuli wenyewe. Nyuma ya paja kuna misuli mikubwa mitatu, miwili upande wa ndani na mmoja upande wa nje. Huo wa nje ndio unaochanika mara nyingi zaidi. Misuli hii inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, inashuka, inavuka goti na kushika mifupa ya chini ya goti, kwa hiyo inahudumia nyonga na goti kwa pamoja. Winga akifungua mbio za kasi kamili, mguu unatupwa mbele, na kabla tu unyayo haujagusa nyasi nyonga imekunjwa huku goti likinyooka. Msuli unavutwa juu na chini kwa mkupuo, na papo hapo unatakiwa kuufungia mguu breki. Unakaza huku unarefuka. Hapo ndipo unapochanika, na ndiyo maana mchezaji anashika paja na kukaa chini wakati hakuna aliyemgusa.

Kwa hiyo zoezi la kinga lazima lifundishe kazi hiyohiyo ya kukaza huku msuli ukirefuka. Mashine ya kukunja goti iliyopo katika kila gym haitoshi. Mwaka 2004 nchini Norway wachezaji waligawanywa makundi mawili kwa wiki 10: kundi moja lilifanya zoezi la Nodiki, yaani kupiga magoti na kujiachia mbele polepole huku mwenzako amekushika miguu, jingine mashine ya kukunja goti. Nguvu ya kufunga breki iliongezeka kwa waliofanya Nodiki, kwa wenzao haikuongezeka. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya Denmark: timu 50, wachezaji 942. Walioongezewa Nodiki kwenye mazoezi yao ya kawaida walipata majeraha 15 ya nyuma ya paja, na wasioongezewa wakapata 52. Katika utimamu wa mwili wa soka, zoezi la bure lenye tofauti kubwa namna hiyo ni nadra sana.

Linafanywa hivi. Mchezaji anapiga magoti juu ya kitu laini, godoro dogo au taulo lililokunjwa mara nne, magoti yakiachana kwa upana wa nyonga. Mwenzake anakaa nyuma na kumkandamiza vifundo vya miguu chini kwa uzito wa mwili wake, si kwa nguvu za mikono tu. Kuanzia magotini hadi begani mwili unabaki mstari mmoja. Kisha anajiachia mbele polepole, akijizuia kwa nyuma ya paja kadiri awezavyo, mpaka afike mahali asipoweza tena. Hapo mikono inampokea, kifua kinagusa chini, na anajisukuma kwa mikono kurudi juu. Kupanda si sehemu ya kazi, asipoteze nguvu huko.

Makosa yanajirudia. La kwanza ni kukunja kiuno: makalio yanabaki nyuma, kichwa kinashuka, na ukiangalia kwa mbali unadhani anafanya vizuri, kumbe amepunguza mzigo. Kocha asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele, ndipo atakapoliona. La pili ni mshikaji kushika mashavu ya miguu badala ya vifundo. Mguu unanyanyuka, mchezaji anapoteza imani na kuanguka mapema. La tatu ni kushuka taratibu mwanzoni kisha kudondoka kama gogo. Theluthi ya mwisho ndiyo msuli ukiwa mrefu zaidi, ndiyo tunayoitafuta. Asiyeiweza bado afungwe mkanda wa mpira kifuani, mwenzake mwingine aushike kutoka nyuma ampunguzie uzito.

Kosa kubwa kuliko yote ni kiasi. Ratiba ya Denmark ilikuwa ya kupanda ngazi. Wiki ya kwanza, siku moja tu, seti 2 za mara 5. Wiki ya pili, siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu, siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Ya nne, siku tatu, seti 3 za mara 8 hadi 10. Wiki ya tano hadi ya kumi, siku tatu, seti 3: mara 12, kisha 10, kisha 8. Baada ya hapo inabaki siku moja kwa wiki msimu mzima. Kocha wa viungo anayeanza na seti 3 za 10 siku ya kwanza ya maandalizi atakuta kikosi kizima kesho yake hakiwezi kuinama kufunga viatu. Kocha mkuu atauliza nani kaleta zoezi hili, na huo utakuwa mwisho wake. Zoezi halikukosea, ngazi zilirukwa.

Hata likianzwa vizuri, likiachwa msuli unarudi ulivyokuwa. Nyuzi za misuli zinarefuka kwa wiki kadhaa za Nodiki, na zinafupika tena ndani ya wiki chache za kuacha. Hapa ndipo ligi zetu zinapoteleza. Timu inayocheza Ligi Kuu na michuano ya CAF inarudi safarini na kukuta mechi za viporo, zile zilizoahirishwa, zimepangwa kila baada ya siku tatu. Cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ni kazi ya nguvu, eti "wachezaji wamechoka". Baada ya mwezi mmoja wa viporo, kinga iliyojengwa wakati wa maandalizi imekwisha, na mbio za mechini ni zilezile. Wakati huo seti 2 za mara 4, zikishuka vizuri, zinatosha kushikilia. Inachukua dakika tano na hakuna sababu ya kuzikosa.

Siku gani? Kama mechi ni Jumamosi na nyingine Jumamosi ijayo, fanya Jumanne au Jumatano, mwisho wa mazoezi, usifanye kabla ya mbio. Ijumaa hapana. Wiki ya mechi mbili, waliocheza dakika 90 wafanye siku ambayo mechi inayofuata iko mbali zaidi. Wa benchi wafanye siku moja baada ya mechi.

Nodiki peke yake inaegemea zaidi misuli ya ndani. Ule wa nje unapata kazi nzuri kwenye mazoezi ya nyonga: kushika chuma au madumbeli, magoti yakiwa yamelegea kidogo, kuinama kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka, kisha kurudi. Seti 3 za mara 6 hadi 8, kwa mguu mmoja mmoja kama mchezaji ameshaiva. Weka yote mawili.

Halafu kuna mbio zenyewe, na hapa woga umetuharibia. Mchezaji akilalamika paja limebana, tunamwondoa kwenye mbio za kasi wiki nzima, tunampa mechi Jumamosi, na huko anafungua kasi ya asilimia 100 kwa mara ya kwanza baada ya siku saba. Mazoezi ya uwanja mdogo, watu 5 kwa 5, hayafikishi kasi hiyo, nafasi haipo. Kila mchezaji aliye mzima apate angalau mara moja kwa wiki mikimbio 3 au 4 inayovuka asilimia 95 ya kasi yake ya juu: mita 20 za kujijenga, mita 20 za kuachia, kisha mapumziko ya dakika 2 hadi 3 kamili. Wa benchi ndio wanaosahaulika zaidi. Mwanabenchi anayeingia dakika ya 75 baada ya kuchezea mpira pembeni ni mgonjwa mtarajiwa. Kabla ya kuvua koti akimbie mita 30 mara tatu au nne, kila mara kasi ikipanda.

Klabu isiyo na fulana za GPS zinazosoma kasi ya mchezaji inaweza kupima, ila saa ya mkononi isitumike. Mchezaji anayepita mita 20 kwa sekunde 2.2 yuko kilomita 32.7 kwa saa. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 tu, saa itasoma 2.4 na utamwandikia kilomita 30. Kosa hilo ni kubwa kuliko asilimia 5 unazozitafuta. Tumia video ya simu ya picha 60 kwa sekunde, juu ya stendi, usawa wa katikati ya mita hizo 20. Fito mbili zisimame karibu kabisa na njia ya mkimbiaji. Hesabu picha kuanzia kiuno kinapopita fito ya kwanza hadi ya pili, gawanya kwa 60. Kama rekodi yake ni 2.2, leo akipita kwa 2.31 au chini ya hapo, amevuka asilimia 95.

Akiumia tayari, siku mbili za mwanzo usimchue kwa nguvu wala kwa dawa za moto, na asinyooshwe mpaka mwisho. Baada ya hapo mazoezi ya kurefusha msuli yaanze mapema bila maumivu. Mtafiti Carl Askling alilinganisha njia mbili kwa wachezaji wa soka wa ngazi ya juu Sweden, matokeo yakatoka 2013: waliofanya mazoezi ya kurefusha walirudi kwa wastani wa siku 28, wa mazoezi ya kawaida siku 51. Wanaoumia tena wengi wao wanaumia ndani ya miezi miwili ya kurudi, kwa hiyo kumruhusu mtu kwa sababu "hasikii maumivu akitembea" ni kumrudisha kitandani.

Jaribio la mwisho la Askling halihitaji kifaa cha bei. Mchezaji akishapita vipimo vyote vya daktari, analala chali, mguu usioumia umefungwa chini kwa mkanda, goti la mguu ulioumia limefungwa lisikunjike. Anaurusha juu ukiwa umenyooka, kwa kasi yote aliyonayo, mara tatu. Kisha muulize kama alisita. Akisema alihofia, hata kidogo, hajapona. Endeleeni na mazoezi, mrudie jaribio baada ya siku tatu hadi tano.