Anatokea benchi, anafunga pointi 15, halafu anauzwa. Kwa nini?

Saa tano usiku kwa saa za hapa Mbeya, siku moja ya mwanzoni mwa Februari, dirisha la NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, la kubadilishana wachezaji hufungwa. Kesho yake, kuanzia mtaa wa Soweto mpaka Uyole, wanaofuatilia kikapu huwa na jina moja wasilolielewa: jamaa aliyekuwa anatokea benchi na kufunga pointi 15 kila mechi ametolewa, na aliyekuja badala yake anafunga 9. Lawama zote zinaenda kwa uongozi.

Mimi naona uongozi mara nyingi unakuwa sahihi. Si mara zote, na huko chini nitataja dili ambayo hadi leo siwezi kuitetea. Lakini pointi 15 za mtu wa benchi zina mazingira yake: dakika fulani, wapinzani fulani, mshahara fulani. Ukiyabadilisha hayo, pointi zenyewe hazibaki vilevile.

Tuanze na dakika. Mechi ya NBA ni dakika 48, wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa. Katika msimu wa kawaida, wanaoanza wakicheza wastani wa dakika 34 kila mmoja wanatumia 170, zinabaki 70. Hizo zinatosha watu watatu au wanne, na mfungaji mzuri wa benchi anapata 25 bila kugombana na mtu. Ikifika Aprili, kwenye mtoano, wanaoanza wanapanda hadi dakika 39 au 40. Sasa zinabaki 45, au 40 tu. Kikosi kilichokuwa kinazungusha watu kumi kinabaki na wanane, wakati mwingine saba. Mtu wetu wa Januari anajikuta na dakika 14.

Tena dakika zenyewe si zile alizozoea. Kati ya Oktoba na Machi yeye huingia mwishoni mwa kota ya kwanza na mwanzoni mwa kota ya nne, wakati wapinzani nao wamepumzisha mastaa wao. Anafunga dhidi ya benchi lao. Kwenye mtoano anakutana na watano wao wa kwanza karibu muda wote, na wamekaa siku mbili wanaangalia video zake.

Halafu kuna kuwindwa. Chukua gadi (mchezaji wa nje anayeendesha mpira) mfupi wa benchi, mfungaji hodari, mlinzi wa kawaida. Kocha anamficha: anampa amlinde mpinzani anayesimama kona tu asiyetishia. Wapinzani wakiligundua hilo, wanamwita huyo wa kona aje amwekee staa wao skrini, yaani asimame kumzibia njia mlinzi wa staa. Walinzi wakibadilishana watu, staa anabaki na yule mfupi, wawili peke yao, uwanja umefunguka. Wasipobadilishana, staa anapata nusu hatua, na kwa mtu wa kiwango kile nusu hatua inatosha. Wanarudia hivyo mashambulizi matatu, manne mfululizo. Kocha hana namna, anamtoa. Pointi zake nane za kota ya pili zimo kwenye takwimu, lakini mechi inaamuliwa yeye akiwa amevaa koti.

Kwa senta, yule mrefu wa chini ya ringi, shida inakuja kwa sura nyingine. Montrezl Harrell alichukua tuzo ya Mchezaji Bora wa Akiba mwaka 2020 akiwa Clippers, kwa nguvu na kwa kumalizia karibu na ringi. Lakini ni mfupi kwa senta na hatupi kutoka mbali. Msimu uliofuata, akiwa Lakers, mtoano ulipofika alikaa nje sehemu kubwa ya mechi dhidi ya Phoenix. Agosti 2021 akawekwa kwenye dili iliyomleta Russell Westbrook kutoka Washington. Dili yenyewe haikuwasaidia Lakers, lakini sababu ya kumwachia Harrell ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeangalia mechi zile za Mei.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo shabiki wa soka anapopotea. Simba au Yanga wakimtaka mchezaji, wanazungumza bei na klabu yake na wanalipa. NBA haiendi hivyo. Kwa kawaida unatoa mchezaji unapokea mchezaji, na mishahara lazima ikaribiane. Msimu wa 2025-26 ukomo wa mishahara kwa timu ni dola milioni 154.6. Timu inaruhusiwa kuuvuka kwa njia maalumu, ila ikifika milioni 187.9 inaanza kulipa kodi ya anasa. Juu yake kuna mistari miwili mingine, milioni 195.9 na milioni 207.8. Aliyevuka mstari wa kwanza haruhusiwi kupokea mishahara inayozidi ile anayotoa. Aliyevuka wa pili hawezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ampate mmoja wa bei kubwa.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini mtu wa benchi mwenye mshahara wa kati, tuseme kati ya milioni 12 na 25, ni mali adimu sokoni. Mastaa hawatoki. Wa mshahara wa chini hawatoshi kusawazisha hesabu. Kwa hiyo timu ikitaka kumpata mtu mkubwa, ni huyu wa katikati anayeondoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Malcolm Brogdon. Msimu wa 2022-23 alikuwa Mchezaji Bora wa Akiba akiwa Boston: pointi 14.9 kwa mechi, na asilimia 44 ya mitupo ya pointi tatu, kiwango cha juu mno. Mshahara wake ulikuwa dola milioni 22.5. Oktoba 1, 2023, Boston walimtoa pamoja na Robert Williams na chaguo mbili za raundi ya kwanza ya drafti (zamu za kuchagua vijana wapya, ambapo timu mbovu hutangulia) kwenda Portland, wakampata Jrue Holiday. Kwa jicho la pointi tu, unatoa tuzo. Lakini Brogdon aliumia mkono wa kulia kwenye mtoano wa 2023, na dili ya awali ya kumpeleka Clippers ilivunjika mwezi Juni kwa sababu ya vipimo vya afya. Pia nyuma yake alikuwepo Payton Pritchard aliyekuwa anasubiri dakika, na Boston wakamwongezea mkataba wa miaka minne kwa dola milioni 30, yaani nafuu sana. Holiday akaja kuwalinda magadi wakali kuliko mtu yeyote waliyekuwa naye, na Juni 2024 wakawa mabingwa kwa kuwafunga Dallas 4-1. Waliunganisha mishahara miwili kabla sheria ya mstari wa pili haijaanza kubana kwenye jambo hilo. Mwaka mmoja baadaye, timu iliyovuka mstari ule isingeruhusiwa.

Mkataba unaoelekea mwisho nao una kanuni zake. Ipo haki iliyopewa jina la Larry Bird: mchezaji akikaa misimu mitatu bila kubadili timu kama mchezaji huru (aliyemaliza mkataba), timu yake inaweza kumsainisha tena hadi kiwango cha juu kabisa hata kama imevuka ukomo. Akikaa misimu miwili, inaweza kumpa hadi asilimia 175 ya mshahara wake wa nyuma, au zaidi kidogo ya wastani wa ligi. Akikaa mmoja, asilimia 120 basi. Denver waliumizwa na hiyo ya mwisho. Bruce Brown alitokea benchi msimu wa 2022-23 kwa wastani wa pointi 11.5, wakachukua ubingwa, na wao hawakuweza kumpa zaidi ya kama milioni 7.8 kwa mwaka. Indiana wakampa milioni 45 kwa miaka miwili. Denver walibaki mikono mitupu. Sisemi wangemtoa katikati ya msimu wa ubingwa, hapana. Lakini timu isiyo na uhakika wa ubingwa, ikiwa na mtu wa namna hiyo mwezi Februari, inapaswa kupokea simu.

Na Indiana wenyewe? Januari 2024 walimtumia Brown huyohuyo, mshahara wake wa milioni 22 ukiwa sehemu ya kusawazisha hesabu, wakampata Pascal Siakam kutoka Toronto. Mwaka 2025 Indiana walicheza fainali.

New York walikuwa na Immanuel Quickley, aliyeshika nafasi ya pili kwenye tuzo ile aliyochukua Brogdon. Tatizo lake lilikuwa nafasi: mbele yake yupo Jalen Brunson, na wote ni magadi wafupi, kwa hiyo kuwapanga pamoja dakika za mwisho ni kuwaalika wapinzani wawinde. Majira ya joto ya 2024 Quickley angetaka mshahara wa mtu anayeanza, na hakika Toronto walimpa mkataba wa miaka mitano unaofika dola milioni 175. New York hawakusubiri. Desemba 30, 2023 walimtoa yeye na RJ Barrett wakamchukua OG Anunoby, mlinzi mrefu anayeweza kumkaba karibu mtu yeyote. Benchi lao lilipungukiwa pointi kweli, lakini watano wao wa mwisho wa mechi walipata nguvu, na kwangu hilo ndilo lililokuwa na uzito.

Timu mbovu ina sababu tofauti kabisa. Februari 2017 Lakers walikuwa wanapoteza mechi nyingi, na Lou Williams alikuwa anafunga zaidi ya pointi 18 akitokea benchi. Chaguo lao la drafti lingekwenda Philadelphia kama lisingeangukia nafasi tatu za juu. Kila mechi aliyowashindia Lou ilikuwa inalisogeza mbali na nafasi hizo. Wakampeleka Houston, wakapokea Corey Brewer na chaguo la raundi ya kwanza. Mwishoni walibaki na chaguo la pili kwenye drafti, na lile la Houston wakalibadilisha na Utah kwa mawili, moja likawa Josh Hart. Mfungaji wa umri wa miaka 30 hana kazi kwenye timu inayojenga upya.

Ile isiyoteteeka ni ya James Harden. Watanzania tuna sababu ya kuikumbuka drafti ya 2009: Blake Griffin wa kwanza, Hasheem Thabeet wetu wa pili, Harden wa tatu. Miaka mitatu baadaye Harden alikuwa Mchezaji Bora wa Akiba, pointi 16.8 akitokea benchi la Oklahoma City, na timu ikafika fainali. Walikwishawalipa Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka. Pengo kati ya walichompa Harden na alichotaka lilikuwa kama dola milioni 5 au 6 kwa miaka minne yote. Oktoba 27, 2012, siku chache kabla ya mwisho wa kuongeza mkataba, wakampeleka Houston na kupokea Kevin Martin, Jeremy Lamb na chaguo za drafti. Mwaka 2018 Harden akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Kosa lilikuwa nini? Walimpima kama mfungaji wa benchi. Harden alikuwa na miaka 23, alikuwa anamaliza mechi pamoja na mastaa, na mpira ulikuwa mikononi mwake dakika za mwisho. Mtu wa benchi anayemaliza mechi si mtu wa benchi, hata kama jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoanza.

Huku kwetu hakuna dili za namna hii, ila kocha wa chuo Mbeya au Iringa anayechagua majina 12 ya kwenda mashindanoni anakutana na swali lilelile, na anaweza kulijibu kwa daftari na kalamu. Mechi zetu ni dakika 40, kwa hiyo anagawa dakika 200. Mpe mtu mmoja kazi moja: kila badiliko linapofanyika, aandike muda na matokeo ya wakati huo, na nani ametoka nani ameingia. Baada ya mechi unajumlisha: timu ilipata au ilipoteza pointi ngapi huyu akiwa ndani. Mechi moja haisemi kitu, hata tatu. Kusanya nane au kumi ndipo uangalie.

Kisha pima ubora wa ufungaji. Chukua mitupo yote aliyojaribu bila kuhesabu penalti (mitupo ya bure baada ya faulo), ongeza penalti alizopiga mara 0.44, zidisha jumla kwa mbili, halafu gawanya pointi zake kwa namba hiyo. Aliyefunga 14 kwa mitupo 13 na penalti 2 anapata 0.50. Aliyefunga 11 kwa mitupo 7 na penalti 2 anapata 0.70. Wa pili ndiye anayekupa zaidi, ingawa jukwaani wanaimba jina la wa kwanza.

Pembeni ya kila kipindi kati ya badiliko moja na jingine weka alama nyingine: wapinzani walikuwa na wangapi kati ya watano wao wa kwanza uwanjani? Wakiwa watatu au zaidi, zungushia. Ukimaliza mechi kumi, soma vipindi vilivyozungushiwa peke yake. Na uwe makini na timu zinazopanda kutoka Dar: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kota ya nne wanahema, na mtu wako wa benchi atafunga pointi ambazo mkishuka Dar hatazipata.