Barua za wafadhili na daftari zilizokatwa katikati

Swali lilikua limeandikwa kwa penseli chini kabisa ya karatasi, nje ya mistari, pembeni ya mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano (au mmoja ni mkia, sijui): Na wewe nani anakufadhili?

Siku hiyo nilikua nimeshatafsiri barua thelathini na kitu, mgongo unauma, chai imepoa, na zote zinasema kitu kilekile yani neno kwa neno. Shikamoo mfadhili wangu. Mimi sijambo sijui wewe huko. Hapa kwetu ni kipindi cha mvua. Napenda kusoma na kucheza mpira. Asante kwa zawadi, Mungu akubariki. Ukisoma moja umezisoma zote. Alafu ghafla unakutana na mtoto wa darasa la tatu anamuuliza mtu wa Australia nani anakufadhili, nikaweka kalamu chini nikacheka peke yangu mule ofisini.

Hii kazi nimeifanya miaka mitano, 2017 mpaka 2022, kwenye shirika moja dogo huko milimani Lushoto. Lilikua na mambo mawili tu: kusaidia shule shikizi mbili (nitazieleza mbele) na kusimamia watoto wenye wafadhili, yani mtu wa nje anamlipia mtoto mmoja na wanaandikiana barua. Mimi niliajiriwa kama karani ila kwakua Kiingereza changu kilikua afadhali kidogo nikageuka mkalimani wa barua, mpiga picha za watoto, mwandishi wa ripoti, na siku gari likikwama kwenye tope mimi pia ni msukumaji.

Watu huwa wananiuliza kwanini barua za watoto zinafanana vile, wengine wanadhani ni utapeli, kwamba kuna mtu mzima amekaa ofisini anaziandika. Hapana bana. Ni kwamba mtoto wa miaka nane umemkalisha kwenye dawati unamwambia mwandikie mtu usiyemjua, usimuombe kitu, usitaje namba ya simu ya baba, usiandike kijiji chenu kilipo (hizo ni kanuni za kumlinda mtoto na ziko sawa kabisa), sasa abaki na nini cha kusema? Anatoa macho tu. Mwisho mlezi anaandika mfano ubaoni, wote wananakili mpaka makosa ya mlezi. Na ile shikamoo ndo ilinisumbua kuliko vyote, maana Kiingereza hakina, nikawa naandika anakuamkia kwa heshima, kila barua anakuamkia kwa heshima, mpaka mfadhili mmoja akaandika kuuliza hivi hawa watoto wanatuogopa?

Barua za kutoka huko nje sasa ndo zilikua burudani. Kuna mzee alikua anamsimulia mtoto anayemfadhili kuhusu mbwa wake. Mbwa analala kitandani, mbwa amepelekwa hospitali, mbwa ana sweta. Nilikua nikisoma ile barua watoto wote wanajazana mlangoni hata ambao sio yao, na lazima nirudie pale pa sweta.

Ila stori yangu sio mbwa, ni daftari.

Kwa ambao hamjui shule shikizi ni nini: ni pale ambapo shule ya serikali iko mbali, watoto wadogo hawawezi kupanda na kushuka milima kilomita sita kila siku, basi kijiji wanakaa wanakubaliana, wanatoa eneo, wanapiga msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea), wanabeba mawe na mchanga kichwani, wanasimamisha chumba kimoja au viwili. Inakua haina usajili wake, inajishikiza kwenye shule mama. Wanasoma awali mpaka la pili au la tatu, wakikua miguu ikikaza ndo wanaenda shule mama. Mwalimu mara nyingi ni kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne au chuo akakosa ajira, wazazi wanamchangia kidogokidogo, mwezi mwingine wanamchangia mahindi.

Na ndio, elimu ni bila ada, tangu Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 wakaongeza kidato cha tano na sita. Nalisema kwasababu kuna mfadhili akisikia ada zimefutwa anauliza sasa hela yangu ni ya nini. Ada imefutwa ila sare haijafutwa, viatu havijafutwa, daftari hazijafutwa. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa msingi wakati wangu ilikua shilingi 10,000 kwa mwaka, hapo 4,000 ni ya vitabu haiji mkononi, iliyofika shuleni ni 6,000. Piga hesabu, ni 500 kwa mwezi kwa mtoto, chaki humo, karatasi za mitihani humo, kitasa kikiharibika humo. Na kwa shule shikizi inapitia shule mama, kwahiyo mnasubiri mama ale ndo mtoto apewe.

Kwenye shule yetu moja watoto walikua 94, wenye wafadhili 31. Hapo ndo penye shida yote ya hii kazi. Unaingia darasani huna haja ya kuuliza nani ana mfadhili, unaangalia miguu. Wale 31 wana viatu na begi la bluu lenye nembo, wengine wana mfuko wa rambo. Watoto wenyewe walishajipa majina, kuna wa kizungu na kuna wa hapahapa. Na sio kwamba hao 31 ndo walikua maskini kuliko wote, walikua tu wameandikishwa siku ile timu ilipokuja na kamera. Aliyekua anaumwa siku hiyo imekula kwake. Kuna nyumba dada ana mfadhili na mdogo wake hana, wanalala godoro moja lililonunuliwa na hela ya zawadi ya dada, wakigombana usiku unaweza kukisia anasema nini mwenye godoro.

Sasa mwaka mmoja zikaja zile kauntabuku nene, za watoto wenye wafadhili tu, kila mmoja nne. Nikampelekea mwalimu na fomu, kila mtoto asaini kwa dole gumba. Wiki moja baadae nimepita pale namkuta mwalimu amekaa kwenye kigogo nje, ana kisu cha jikoni na ubao wa kukatia mboga, anazikata zile kauntabuku katikati. Anaweka ubao, anapanga daftari, anabonyeza kisu taratibu mpaka kinashika uzi, kisha upande usio na jalada anaushonea kipande cha boksi la sabuni kwa sindano ya gunia. Nikamwambia mwalimu unafanya nini, hizi zimeshasainiwa! Hakuinua hata kichwa. Akasema we hesabu, 31 mara nne ni 124, nikikata zinakua 248, kila mtoto mbili na zinabaki za akiba. Nani kaonewa?

Sikua na jibu. Kiukweli nilikua na jibu, kwamba wenye wafadhili wameonewa, wamepata robo ya waliyotumiwa, lakini nilipowaangalia wale watoto na vidaftari vyao vya boksi la sabuni nikashindwa kulitoa mdomoni. Mkaguzi alipokuja kutoka makao makuu alikasirika, na kwa upande wake hakukosea, yule mtu wa Australia amelipia daftari nne na karatasi inasema daftari nne. Mimi kwenye ripoti nikaandika vifaa vimetumika kulingana na mahitaji ya shule. Sentensi hiyo mpaka leo najiuliza ni uongo au la.

Baadae nikaja kujua kwamba mashirika makubwa ya kufadhili watoto kama World Vision na Plan walishabadilisha utaratibu zamani, mfadhili anapewa jina na picha ya mtoto mmoja ila hela inaingia kwenye miradi ya eneo zima, maji, madarasa, zahanati. Inapunguza wivu ila nayo ina utata wake maana kuna wafadhili wanaamini kabisa hela yao inaenda mkononi kwa mtoto wa kwenye picha. Na huu mjadala ni mkongwe, 1982 jarida la New Internationalist lilishachapisha kichwa cha habari cha kuwaomba watu wasifadhili mtoto mmojammoja.

Lakini sitaki kuwaponda wanaofadhili mtoto mmoja, mi mwenyewe nimeona inavyosaidia. Kuna utafiti wa 2013 wa Bruce Wydick na wenzake, waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 10,000 kwenye nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, waliokua kwenye mpango wa Compassion (shirika la Kikristo la kufadhili watoto) na wasiokuwemo, wakakuta wenye wafadhili wamesoma zaidi kwa mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu hivi. Ukiwa Dar mwaka mmoja unauona mdogo, ila kule mlimani mwaka mmoja ndo tofauti ya binti aliyefika kidato cha nne na aliyeishia cha tatu. Nachosema tu huo mwaka wa ziada mtoto anausomea wapi? Chumba kikiwa hakina paa hata uwe na wafadhili kumi unalowana tu na begi lako la bluu.

Paa lenyewe tulilisubiri sana. 2021 serikali ilipopata ule mkopo wa UVIKO wa trilioni 1.3 yakajengwa madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yalikua ya shule shikizi, bonde la pili kutoka kwetu wakapata, sisi tukawa tunayaona mabati yao yanang'aa asubuhi. Yetu yalikuja mwaka uliofuata, nusu shirika nusu wazazi, na mwalimu alisimamia msumari kwa msumari kama anavyosimamia kisu.

Kilichoniuma kuliko vyote ni mfadhili akiacha. Inaletwa karatasi tu, namba ya mtoto na neno amesitisha. Labda amepoteza kazi, labda amekufa, hatuambiwi. Mtoto anaendelea kuulizia barua na mimi naendelea kusema bado.

Ndomana lile swali la penseli nililitafsiri kama lilivyo. Msimamizi wangu aliona halina adabu akataka nilifute, nikamwambia mtoto kaandika mwenyewe, barua ya kwanza mwaka huu ambayo haijatoka ubaoni, tunaifuta kweli? Ikaenda.

Majibu yalichukua miezi mitano. Yule mfadhili wa Australia, kumbe ni mama, aliandika ukurasa mmoja na nusu, kwamba hana anayemfadhili, mume wake alishafariki, yeye kazi yake ni usafi, anafagia na kupiga deki kwenye shule ya sekondari jioni watoto wakishaondoka, na hela ya mfadhiliwa anaitoa humo. Nilimsomea yule binti amesimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma. Alikaa kimya, akaomba nirudie pale pa kupiga deki.

"Kumbe na yeye ana zamu," akasema, akakimbia kuwaambia wenzake.